Imempendeza Mungu, Lakini Isirudiwe

Nimechoka kuitwa. Naliweka neno hilo mwanzoni kabisa, msomaji asije akafika katikati ndipo agundue kwamba hapa hakuna wito mwingine wa umoja wa Wakristo. Wito tunao tele. Kila Januari, tarehe 18 hadi 25, lipo juma zima la kuombea umoja. Mwaka 2025 ilipotimia miaka 1700 tangu maaskofu wa kale wakutane Nikea, tuliitwa tena. Ikizinduliwa zahanati tunaitwa, akizikwa mkubwa tunaitwa, uchaguzi ukikaribia ndiyo usiseme. Viongozi wanapanda jukwaani, majoho mekundu, kanzu nyeupe, suti na tai, wanashikana mikono, wanapigwa picha. Halafu kila mmoja anapanda gari lake.

Sisemi umoja ni mbaya. Nasema wito umegeuka ajira, na walioajiriwa humo hawana haraka ya kuimaliza kazi. Mtu akikwambia kila siku "karibu nyumbani," na kila ukifika unakuta komeo, siku ya kumi utajua huyo si mkarimu. Anakutania.

Wala si jambo la jana. Hebu twende Kikuyu, kule karibu na Nairobi, Juni 1913. Wamishenari wa Kiprotestanti walikutana kwenye misheni ya Waskoti: Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengine. Mwenyekiti alikuwa Askofu Willis wa Uganda, na pamoja naye alikuwepo Askofu Peel wa Mombasa. Kilichowakutanisha kilikuwa jambo la maana, tena la kawaida kabisa. Mwafrika amebatizwa na misheni hii, anakwenda kutafuta kazi mjini au shambani kwa mlowezi, na huko kanisa analolikuta ni la misheni nyingine. Afanyweje? Apokewe kama ndugu, au arudishwe darasa la ubatizo kama vile hajawahi kusikia jina la Yesu? Wakatunga mpango wa shirikisho, ili aliyebatizwa na mmoja atambuliwe na wote, na akiwa safarini akaribishwe mezani. Jioni ya mwisho wakafanya ushirika mtakatifu. Askofu Peel aliongoza kwa kitabu cha sala cha Kianglikana, ndani ya kanisa la Waskoti, na aliyehubiri alikuwa Mpresbiteri. Karibu wajumbe wote wakapokea.

Basi! Habari zikamfikia Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzao lakini wa UMCA, na moto ukawaka. Weston aliandika barua ya wazi, akawashitaki maaskofu wale wawili kwa Askofu Mkuu Davidson wa Canterbury kwamba wameeneza uzushi na kulipasua kanisa. Magazeti ya Uingereza yakapata chakula. Ikaundwa kamati mwaka 1914, wakati dunia inaingia vitani, na jibu la Askofu Mkuu likatoka Pasaka ya 1915. Mgeni wa kanisa jingine aliye mbali na kwao anaweza kukaribishwa meza ya Waanglikana. Mwanglikana asihimizwe kwenda meza ya wengine. Na ibada kama ile ya Kikuyu, heri waiache. Wacheshi wa huko Uingereza waliufupisha uamuzi huo hivi: ibada ya Kikuyu imempendeza sana Mungu, lakini isirudiwe kamwe.

Nacheka kila nikiukumbuka mzaha huo, halafu nanyamaza, maana tangu siku ile ndiyo sera. Hakuna kikao cha umoja ninachokijua ambacho hakikumalizikia hapo. Miaka ya 1960, nchi zetu zilipokuwa changa na kila kitu kikionekana kinawezekana, Waanglikana, Walutheri, Wamoravian, Wamethodisti na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki walikaa kuzungumza juu ya kuwa kanisa moja. Mazungumzo yakafa polepole, bila tangazo la msiba. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya jinsi mwanadamu anavyohesabiwa haki mbele ya Mungu. Jamani, hiyo ndiyo hoja iliyomgombanisha Luther na Roma! Vita vilipiganwa, watu walichomwa moto, vizazi vikafundishwa kuchukiana, na sasa wakubwa wamekubaliana kwamba katika mambo ya msingi ya hoja hiyo hawapingani tena. Nenda leo Kilimanjaro, Iringa au Bukoba, mtafute bibi aliyekatazwa ndoa ya kanisani kwa sababu mchumba wake alikuwa wa upande wa pili, umwambie ugomvi uliisha mwaka 1999. Atakuuliza mbona hakuna aliyekuja kumwambia.

Sisi huku chini tunatambuana kwa salamu. Ukisema "Tumsifu Yesu Kristu," umeshajulikana. Ukisema "Bwana Yesu asifiwe," umejulikana pia. Hata herufi moja imekuwa pasipoti: huyu Kristu, yule Kristo. Mtoto wa darasa la kwanza, kabla hajajua kutofautisha b na p, anajua aitikie "milele amina" au "amina" peke yake, na akikosea wenzake wanamcheka. Tumewafundisha vizuri sana. Nani alitutuma?

Lakini nisimwonee Weston. Hapa ndipo hadithi ya Kikuyu inapokuwa tamu kwa wanaotafuta ukweli, na chungu kwa wanaotafuta malaika na mashetani. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey huko Kenya (wakati huo haijaitwa Kenya bado) ilitoa waraka kwamba maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kuhimizwa na chifu aliyehimizwa na ofisa, kila mtu alijua maana yake. Viongozi wa makanisa walifanyaje? Askofu wa Mombasa wa wakati huo, Askofu Willis wa Uganda, na Dk. Arthur wa misheni ya Waskoti waliandika waraka wao kwa pamoja. Waliogopa jinsi agizo lile lingetumika vibaya, ni kweli, na wakataka kinga. Ila shuruti yenyewe hawakuikataa. Walisema kama ni lazima, basi iwe ya sheria iliyo wazi, na kwa kazi za manufaa ya taifa. Waanglikana na Wapresbiteri, wale wale walioshindwa kuruhusiwa kushiriki mkate mmoja, walishiriki kalamu moja kukubali mtu alazimishwe kazi.

Na aliyesimama kupinga ni nani? Weston! Yule yule mkorofi wa 1913. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu huko Uingereza akiishambulia kazi ya kulazimishwa, kwamba ni utumwa uliobadilishwa jina. Hakuwa mtu wa nadharia tupu. Wakati wa vita aliwaongoza mwenyewe wapagazi wa Zanzibar, akajua mzigo unavyomkaa mtu begani. Kelele za watu kama yeye zilisaidia, na mwaka 1921 London ikaagiza maofisa waache kuwatafutia wenye mashamba vibarua.

Sasa hapo, ndugu zangu mnaoimba umoja, mnijibu. Mwaka 1919 nani alikuwa upande wa Kristo: walioungana, au aliyekataa kuungana? Mimi najua nilipo. Weston alikosea mwaka 1913, tena alikosea vibaya, kwa kumwacha kibarua wa Nairobi nje ya mlango ili ukoo wa maaskofu usichafuke. Lakini mwaka 1920 alimwona kibarua yule yule na akampigania. Na waliomwona kwanza ndio waliomsahau. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "tuungane," swali langu la kwanza ni: kwa ajili ya nani? Nani atalala salama zaidi usiku huu kwa sababu ninyi mmeungana?

Kuna umoja wa ngumi. Huo unatakiwa pale tu panapokuwa na wa kupigwa. Utawasikia wakinong'ona kwamba Waislamu wanaongezeka, Waislamu wanapanga, na sisi tunagawanyika tu. Umoja wa namna hiyo hauhitaji Kristo hata kidogo, unahitaji jirani wa kuogopwa. Usipopatikana mtaani utapatikana kwenye kampeni. Siutaki, na sitapoteza wino zaidi juu yake.

Na kuna umoja wa meza moja, ambao wengi wetu tukiupata tutadhani tumemaliza. Tuitazame Rwanda. Mwaka 1994 wengi wa watu wa nchi ile walikuwa Wakristo, na sehemu kubwa yao wa kanisa moja, Katoliki. Walishiriki ekaristi ile ile, kwa lugha ile ile. Watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyarubuye, Nyange, wakauawa humo humo. Mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha ilimtia hatiani Padri Athanase Seromba kwa kanisa la Nyange lililoangushwa juu ya waumini waliokuwa ndani; adhabu yake ya mwisho, kifungo cha maisha, ilitolewa mwaka 2008. Mahakama hiyo hiyo mwaka 2003 ilimtia hatiani mchungaji mzee wa Kiadventista, Elizaphan Ntakirutimana. Wamoja wale, tena walikuwa na umoja ambao sisi tunauombea kila Januari. Anayeniambia kwamba tukiwa kanisa moja mambo yatanyooka, aende Nyarubuye kwanza.

Nasikia tayari: "Kijana huyu sasa hata hajulikani anataka nini. Umoja anaukejeli, utengano anaukejeli." Ngojeni. Nataka vitu vidogo kabisa, na kwa sababu ni vidogo havipigwi picha.

Mlango ambao umefungwa hauko Roma wala Canterbury. Uko ofisini kwa paroko na kwa mchungaji, siku ya kuandikisha ndoa. Sheria ya Wakatoliki yenyewe inaruhusu ndoa ya mseto kwa kibali cha askofu. Mhusika Mkatoliki anaahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake anafahamishwa tu. Ndivyo ilivyoandikwa. Mtaani je? Msichana wa Kilutheri anaambiwa aanze mafundisho, "aingie kundini," la sivyo ndoa hakuna. Upande wa pili nao hawana nafuu. Binti akiolewa Katoliki anaitwa amepotea, na akiolewa kwa kibali, anatengwa meza ya Bwana kwao. Na makanisa ya uamsho ndiyo kabisa. Huko ubatizo wa wengine wote ni maji ya kunawa, unarudishwa mtoni. Wakati huohuo viongozi wa pande zote wanatuambia kwamba ubatizo ni mmoja. Baraza la Pili la Vatikano lilikiri mwaka 1964 kwamba aliyebatizwa ipasavyo yuko katika ushirika fulani na kanisa hilo, hata kama haujakamilika. Sawa, basi mwandikishieni ndoa yake kama mtu aliyebatizwa, msimwandikishe kama mateka.

Sijui ni wangapi wanaoishi kama "wazinzi" kwenye daftari za makanisa yetu kwa sababu ya mkwamo huu. Wana watoto watano, wajukuu, wamezeeka pamoja, na kila Jumapili mmoja anaketi benchi la nyuma wakati wenzake wanakwenda mbele. Hawakuzini. Walipendana kuvuka mpaka uliochorwa na Wajerumani, Wafaransa, Waskoti na Waingereza waliogawana vilima vyetu, hiki cha misheni hii, kile cha misheni ile. Ukoo mmoja, mto mmoja, halafu ng'ambo Walutheri na huku Wakatoliki. Mpaka wa wakoloni tumeufuta kwenye bendera, tumeubakiza altareni.

Halafu mazishi. Aliyekaa uswahilini ameyaona. Mtu amekufa, jirani wa dhehebu jingine anachimba kaburi, mama wa dini nyingine kabisa anapika chai ya wafiwa, na kiongozi wa dhehebu la marehemu anaulizia kadi. Alikuwa analipa? Alikuwa anahudhuria jumuiya? Mara ya mwisho kushiriki lini? Kama majibu hayaridhishi, hakuna misa, hakuna mchungaji, atazikwa na mzee wa mtaa. Na mchungaji wa jirani, ambaye yupo pale pale msibani kama binadamu, hawezi kufungua kinywa kusali, maana atakuwa "ameingilia kondoo wa wenzake." Kondoo amekufa, jamani! Hivi nyie mnalindana kwa nini juu ya maiti?

Msiniambie haya ni mambo madogo ya utaratibu. Mwaka 1857, huko Rasi ya Afrika Kusini, sinodi ya kanisa la Reformed la Waholanzi ilikubali kwamba waumini weusi watengewe ibada yao, mahali ambapo udhaifu wa baadhi ya watu unafanya kushiriki pamoja kuwe kugumu. Udhaifu wa baadhi! Ulikuwa utaratibu mdogo tu, wa muda, wa kuwastahi wanyonge wa imani, yaani Wazungu wasiotaka kunywa kikombe kimoja na mtu mweusi. Mwaka 1881 likaundwa kanisa zima la pembeni. Miaka mia moja baadaye kila mtu alikuwa anajua apartheid ni nini, na kanisa lilikuwa limeshaitengenezea maandiko. Na hapa nitoe sifa panapostahili: mwaka 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilipokutana Dar es Salaam, likimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza, lilitamka kwamba kuikataa apartheid ni suala la imani yenyewe, huwezi kusema "sisi tuna maoni tofauti." Mwaka 1984 makanisa mawili ya Walutheri weupe wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama. Tazama basi: umoja ulipokuwa na maana ulimlazimu mtu kumsimamisha ndugu yake. Haukuwa wa kushikana mikono.

Wapo watakaosema ukweli hauuzwi kwa bei ya amani. Nakubali, nanunua. Tofauti juu ya ekaristi, juu ya uaskofu, juu ya Bikira Maria, ni za kweli, na watu wenye akili kuliko mimi wamezifia. Sitaki mtu aseme anaamini asichoamini ili kunifurahisha. Lakini kuna uongo mmoja ambao hauhusiani na mafundisho hayo, nao ni wa kumtaja mtu "ndugu" jukwaani na kumhesabu "mpagani" kwenye rejista. Chagueni moja. Na ninyi wa "sisi si dini, sisi ni wokovu," mliojitenga na madhehebu yote kwa sababu ya madhehebu, mkafungua la mia mbili mlangoni pa la mia na tisini na tisa, msicheke kule nyuma. Bango lenu tunaliona.

Mambo yaliyowahi kuunganisha watu huku kwetu hayakuanza na wito. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukapita Uganda, Bukoba, Kenya, uliwakutanisha Waanglikana, Wapresbiteri, Walutheri na Wamenonite chini ya miti, wakiungamiana dhambi zao, Mzungu na Mwafrika, bila katiba wala mwenyekiti. Ulikuwa na makosa yake, ubabe wa kujiona watakatifu hasa, lakini hakuna aliyeulizwa kadi. Biblia ya Kiswahili nayo: palikuwa na ya Unguja na ya Mombasa, kila misheni ikijivunia yake, mpaka watu wakakaa mezani wakabishana neno kwa neno, na mwaka 1952 ikatoka moja ya kusomwa na wote. Huko walibishana juu ya viambishi, si juu ya nani akae kiti cha mbele. Tume ya huduma za jamii ambayo Wakatoliki na Jumuiya ya Kikristo waliiunda mwaka 1992 inafanya kazi, kwa sababu malaria haiulizi dhehebu. Kwenye daladala nyimbo za kwaya za Kilutheri, za Kikatoliki na za Kisabato zinapigwa mfululizo, na hakuna abiria anayeshuka.

Kwa hiyo Januari ijayo mkituita, tutakuja, tumezoea. Ila mje na karatasi tatu badala ya hotuba. Ya kwanza iseme kwamba cheti cha ubatizo cha kanisa hili kitapokelewa ofisini kwa lile bila darasa la pili, na itaje majina ya makanisa, na itiwe saini na maaskofu wenyewe, si na makatibu. Ya pili iwe kwa wale wa benchi la nyuma: wanandoa wa mseto wa jimbo zima na dayosisi nzima waitwe kwa tangazo la kanisani, kesi zao zimalizwe ndani ya mwaka huo, kwa kibali ambacho sheria zenu tayari zinakiruhusu, bila faini ya mbuzi wala debe la mbege. Ya tatu iruhusu mchungaji yeyote aliyepo msibani kumzika aliyekataliwa na wake, wala asiitwe kikaoni kuhojiwa.

Karatasi hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za makanisa yote yaliyotia saini, pale pale panapobandikwa majina ya wanaodaiwa michango. Na tarehe 26, juma la maombi likiwa limekwisha, wale wazee wawili wenye wajukuu wapite ofisini, tuone mlango unafunguliwa na nani.